Kuku Hana Taa Tumboni

Tulimzika mama mkwe wangu Muleba, kwenye shamba la migomba la ukoo, na matanga yalipokwisha tukarudi Mwanza watu watatu kuifunga nyumba yake ya Ilemela: mume wangu Deo, dada yake Jenestha, na mimi. Deo alikuwa nje akihangaika na fundi wa kufuli. Mimi na Jenestha tulikuwa chumbani kwa marehemu tunakunja vitenge. Jenestha ameishi Ulaya karibu maisha yake yote ya utu uzima, na tangu msibani alikuwa na kitu kimemkaa kooni. Mwishowe akakisema, macho yakiwa kwenye kitenge alichoshika. "Wifi, wewe ulikaa na Mama mwaka mzima, ninyi wawili tu. Mimi nilikuwa nikija likizo tunaishiwa maneno kabla chai haijapoa. Mlikuwa mnaongea nini?" Nikafikiri kidogo, maana swali lilistahili jibu la kweli. "Vifaranga," nikamwambia. Akacheka, akadhani namtania mfiwa mwenzangu ili apoze machozi. Sikuwa natania. Na kwa kuwa siku ile fundi alichelewa na tulikuwa na mchana mzima, nilimsimulia kama ninavyosimulia hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Deo alipata nafasi ya kwenda kusoma Morogoro kwa mwaka mmoja wakati ndoa yetu bado ina harufu ya rangi mpya, na mimi nilikuwa mjamzito. Ilionekana si busara kuniacha peke yangu kwenye chumba chetu cha kupanga Mkuyuni, kwa hiyo nikapelekwa kwa mama yake. Ma Anastazia, ndivyo majirani walivyomwita, nami nikimwita Mama, alikuwa amestaafu umatroni katika shule ya bweni ya wasichana. Kwa miaka mingi alikuwa akiongea na wasichana mia kwa mpigo, na nadhani alistaafu akiwa amebakiwa na maneno machache, akayatumia kwa uangalifu. Nilikuwa naamka, napiga magoti, "Shikamoo Mama." "Marahaba. Umelala?" "Nimelala, Mama." Basi. Hayo yalitutosha hadi saa ya kula.

Sebule yake ilikuwa na makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma ambayo hakuna aliyeyakalia isipokuwa padri. Maisha yenyewe yalikuwa jikoni, chumba chembamba chenye dirisha lililotazamana na jiwe kubwa kuliko nyumba. Pembeni mwa jiwe hilo ulibaki upenyo, na humo ziwa lilionekana kipande kidogo, kama kanga iliyoanikwa mbali. Kila mchana tulikula ndizi na maharage. Mimi ni Msukuma, nimekulia ugali wa muhogo na dagaa, na michembe ya mama yangu ya viazi vilivyokaushwa juani. Nilikula ndizi zile kwa adabu, nikishukuru kila mara, na usiku niliota ugali. Ma Anastazia alikula akiwa ameegemeza mgongo kwenye kitu kama mto mwembamba wenye waya uliochomekwa ukutani. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za mawe zinazopanda kwake, na mgongo haukumsamehe tena. Mto ule wa umeme Jenestha alimletea kutoka Ulaya. Ulikuwa na swichi ya joto la chini, la kati na la juu, na ukiwashwa ulikuwa unajizima wenyewe baada ya muda ili usije ukamuunguza mtu aliyesinzia. Ndiyo anasa pekee niliyomjua nayo.

Mvua za vuli zilipoanza, mimba ikatoka. Sitaeleza ya hospitali. Nitasema tu kwamba nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikalala nikitazama ukuta, na watu walipokuja kutoa pole niliwasikia wakiketi kwenye yale makochi, kwa mara ya kwanza, wakinong'ona kana kwamba mimi ni mzee anayekata roho. Deo alitaka kuacha masomo arudi, tukamkataza. Mama yangu alituma ujumbe kutoka Magu kwamba nikitaka kurudi nyumbani, mlango uko wazi. Siku ya tatu au ya nne Ma Anastazia aliniwekea sahani kitandani, nikaona michembe. Alikuwa amemtuma mtu hadi soko la Mirongo kuitafuta, halafu, kwa kuwa hajawahi kupika chakula hicho maishani, akaikaanga kwa vitunguu na nyanya kama mboga. Haikuwa na ladha ya kitu chochote nilichokijua. Niliila yote. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza, akachukua sahani, akaondoka.

Nilikuwa nimeanza kufikiria safari ya Magu kwa dhati siku simu ilipolia na sauti ya mwanamume ikasema, "Dada, vifaranga vyako vimefika, njoo uvichukue mapema visipate shida." Nilikuwa nimesahau kabisa. Kabla ya safari yake Deo aliagiza vifaranga kwa wakala wa Mkuyuni, akasema nitakuwa na kitu cha kufanya wakati nasubiri kujifungua. Nikamwambia yule mtu avigawe kwa mwingine. Ma Anastazia alikuwa anamenya ndizi, akanyoosha mkono nimpe simu. "Anakuja," akamwambia, akaikata. Kisha kwangu: "Vimeshasafiri. Haviwezi kurudi kwenye yai." Huo ulikuwa usemi mrefu kwa kipimo chake, na mimi sikuwa na nguvu ya kumbishia. Nilivaa, nikashuka ngazi za mawe taratibu. Nikarudi na boksi lenye matundu, nimelipakata kwenye teksi, na ndani yake sauti zile nyembamba zisizokoma. Dereva akasema, "Hongera, mama." Alimaanisha vifaranga. Nilitazama dirishani hadi tukafika.

Tuliviweka kwenye stoo kando ya jikoni, ndani ya uzio wa maboksi yaliyokatwa, chini tumemwaga maranda. Nilifanya kama nilivyoona watu wakifanya: nikaning'iniza balbu kubwa katikati na kuwasha. Vifaranga vilijazana chini ya balbu vikikanyagana, halafu vikakimbilia pembeni vikihema midomo wazi, kisha vikarudi tena kwenye mwanga vikitetemeka. Katikati ni jua, pembeni ni baridi, na havikujua pa kukaa. Wala havikulala, maana ni nani angelala na jua likimwakia usoni usiku na mchana? Asubuhi ya kwanza nilikuta vingine vimekufa, vimelaliwa na wenzao. Asubuhi ya pili hivyo hivyo. Nilikuwa natoka na vile vilivyokufa nimevifunga kwenye gazeti, nazunguka nyuma ya jiwe kuvifukia, na kila nilipofukia nilijua vizuri sana kwamba silii vifaranga. Siku ya tatu nilikuwa nabadilisha maji, tone likarukia kwenye balbu, ikapasuka kwa kishindo. Stoo ikawa giza, vioo vimetapakaa kwenye maranda, vifaranga vinapiga kelele. Nikakaa chini. Nikasema kwa sauti, si kwa mtu, "Kumbe hata hivi siwezi kuvilea."

Ma Anastazia alikuwa mlangoni. Hakunifariji. Alikuwa na tabia ya kuyaruka maneno kama yale, kama mtu anayeruka dimbwi. Alisema, "Kabula, kuku hana taa tumboni." Sikumwelewa. "Umewahi kuona kuku anamwangazia mtoto wake?" akauliza. "Anamfunika. Mtoto anaingia chini, mgongo unagusa tumbo la mama, kuna joto, kuna giza, analala. Akitaka kula anatoka, akisikia baridi anarudi." Akaondoka. Nikamsikia akiburuta kiti jikoni, akachomoa kitu ukutani. Aliporudi alikuwa ameushika ule mto wake wa umeme. "Tutengeneze tumbo," akasema.

Nilikataa. Nilimwambia mgongo wake utaumia, nikamwambia Jenestha atasikitika, nikamwambia nitanunua balbu nyingine. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Mgongo wangu una umri wa kutosha kujitetea," akasema. Basi tukaokota vioo, tukabadilisha maranda, nikachukua kipande cha waya wa wavu kilichobaki kwenye banda la sungura la jirani, nikakikunja kikawa kama pango dogo, nyuma chini, mbele juu kidogo. Ma Anastazia alikuwa ameketi kwenye kigoda akiongoza. "Shusha. Shusha tena. Kifaranga asisimame wima humo, ainame kidogo, mgongo uguse." Tukautandaza mto juu ya wavu, tukaufunga kwa kamba kwenye kingo usije ukaanguka, kisha akavua kanga mabegani mwake tukafunika juu ya vyote, tukiacha mlango mbele. Nikawasha. Ukuta ule wa kanga ulikuwa kitu cha ajabu kwa vifaranga, vikasimama mbali vikiutazama. Nikakikamata kimoja, nikakisukuma ndani. Kikatulia humo. Kikaanza kutoa mlio mwingine kabisa, mlio laini wa kutetema, na wenzake wakauelewa. Kimoja kikaingia, kikafuata kingine, hatimaye stoo nzima ikawa kimya na kilichobaki nje ni kichwa kimoja kilichochungulia chini ya pindo la kanga. Tulikaa pale kwenye giza la jioni tukisikiliza ule ukimya. Sijui kwa muda gani. Nakumbuka tu kwamba nilisikia njaa, njaa ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu hospitalini.

Hakuna aliyekufa usiku ule. Lakini asubuhi nilimkuta Ma Anastazia ameshika ukuta wa korido, anasogea hatua moja moja kama anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Nilidhani ni kwa kukosa mto wake tu. Siku zilizofuata ndipo nikagundua kwamba mto unapojizima, alikuwa anaamka kuuwasha tena, kimya kimya, ili mimi nilale. Tukagawana: mimi usiku, yeye mchana. Na kila jioni, baada ya chakula, nilipasha chumvi ya mawe kwenye kikaango, nikaifunga kwenye kitambaa, nikamkanda mgongo. Mara ya kwanza alikubali kwa shingo upande, amelala kifudifudi, mwili mzima umekaza. Matroni hakuzoea kuguswa. Nilikuwa sijui nimkande wapi, yeye hajui aniambie vipi. "Juu. Hapana, umepita. Hapo." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na ya vifaranga: kimoja kimechafuka nyuma, kisafishwe kwa maji ya vuguvugu, mabawa yameanza kuota manyoya, tuinue pango kidogo, leo wamelala nje ya mto, maana yake joto limezidi, tupunguze. Leo, nikisikia watu wakisema wafiwa lazima wazungumze, wayatoe moyoni, sibishani nao. Lakini mimi ninajua nyumba ambamo mimi na Mama hatukumtaja mtoto niliyempoteza, na bado kila siku tulimzungumzia.

Mwezi mmoja hivi baadaye, au pungufu, alikuja mgeni kutoka Bukoba kwa meli, Shangazi Felista, dada wa marehemu baba yake Deo. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na alikaa siku kadhaa akitazama kila kitu. Nilimwandalia maji ya kuoga, nilimpikia ndizi ambazo sasa nilizipika vizuri, akasifia. Siku moja mchana mbingu ikajifunga juu ya ziwa, upepo ukaja na mvua ya mawe juu ya bati, na umeme ukakatika. Kwa kawaida ungerudi. Haukurudi. Baridi ikaingia stoo, na mto wetu ukapoa kama jiwe. Nilikimbilia jikoni kuwasha jiko la mkaa na kuchemsha maji, nikajaza chupa za plastiki, nikazifunga kwa vitambaa, nikampelekea Mama aliyekuwa ameketi stoo na Shangazi. Akazipanga chini ya wavu. Nikarudi kuchemsha mengine. Nilipokuwa nakuja mara ya pili na chupa kifuani, mvua ilikuwa imepungua makali, na nikasikia sauti ya Shangazi. Walikuwa wakichanganya Kihaya na Kiswahili, na kwa miezi ile nilikuwa nimeokota Kihaya cha kunitosha.

"Si kwamba namchukia," alisema Shangazi. "Binti ana adabu. Lakini waitu, jamani, ukoo unauliza. Deo ndiye mtoto wa kiume pekee wa kaka yangu. Mimba ya kwanza imetoka, ya pili nani anajua? Wangemrudisha kwao apumzike, na Deo bado kijana." Nilisimama koridoni. Chupa zilikuwa zinaniunguza mikono na sikuweza kuzitua. Kwa ukimya uliofuata nilijua Ma Anastazia anafanya kile alichokifanya siku zote, anachagua neno. Kisha akasema, polepole, bila hasira: "Wifi, mimi nilizika wawili kabla ya Deo. Mmoja hata hakupewa jina. Umesahau? Wewe ndiye uliyewaosha." Nikasikia kigoda cha Shangazi kikikwaruza sakafu. "Kama mngenirudisha kwetu wakati ule," akaendelea, "huyo Deo mnayemlilia leo angetoka wapi? Kabula ni wangu. Aende kwao siku atakayotaka mwenyewe, kusalimia, na arudi."

Nilisubiri nipate sura ya kuingia nayo. Nilipoingia nilimkuta Ma Anastazia amekaa sakafuni, yeye na mgongo wake, amejaza vifaranga kwenye kanga aliyoikusanya kifuani, vichwa vinachomoza kwenye mikunjo. Chupa peke yake hazikuwa zimetosha. Shangazi Felista alikuwa anafuta macho kwa kiganja. Aliniona, akajua nimesikia, nami nikajua anajua. Akakohoa. Akakunjua kitenge chake, akaketi chini kwa shida, miguu imenyooka mbele. "Nipeni na mimi," akasema. "Mimi ndiye mwenye tumbo kubwa humu ndani." Tukamgawia. Nami nikajaza vyangu, nikavifunga kwenye kanga kifuani, na vile vidole vyao vidogo vikanikwaruza ngozi vikitafuta pa kutulia. Ndipo nikalia. Nililia kwa sauti, nikiogopa kuviangusha, mikono yote miwili imevikumbatia, machozi yanadondoka hadi kwenye kanga. Hakuna aliyeninyamazisha. Ma Anastazia alisogea mpaka bega lake likagusa langu, tukakaa hivyo wanawake watatu tumeegemea ukuta, hadi umeme uliporudi na Shangazi akapiga kelele kwa furaha kama msichana. Tulipovihesabu vilikuwa vyote.

Vifaranga vilikua. Tuliinua pango, tukainua tena, manyoya yakafunika migongo, na siku moja vikaanza kulala juu ya mto badala ya chini yake, ikawa basi. Nikaufua ule mfuko wake wa nje, nikauanika juani juu ya jiwe, nikamrudishia. Jioni ile alijiegemeza, akauwasha, akakaa nao kidogo. Kisha akauweka kando. "Pasha chumvi," akasema. "Huu haujui pa kukanda." Niliendelea kumkanda mpaka mwisho wa mwaka, na Magu nilikwenda kusalimia nikarudi. Mama yangu alinitazama nilivyofungasha kurudi Ilemela, kisha akanisaidia kufunga mzigo.

Deo aliporudi kutoka Morogoro alikuta banda nyuma ya nyumba, kuku wamejaa juu ya mawe, na mke wake na mama yake wanabishana kuhusu jogoo yupi abaki. Wiki ile mitetea ikaanza kutaga. Asubuhi tuliyopanga kurudi kwenye maisha yetu Mkuyuni, nilikaanga mayai ya kwanza kwa kitunguu kidogo, nikamwekea Deo, nikajiwekea, nikamsogezea Mama sahani yake. Hakuigusa. Nilidhani yana mafuta mengi. Deo akacheka, akasema, "Mama hali mayai. Hajawahi." Na hapo ndipo Mama alipotueleza, kwa upole, kama anayeeleza sheria ya bweni, kwamba alikokulia mwanamke hakula yai wala kuku. Vyakula hivyo vilikuwa vya baba na wageni. Walisema mwanamke akila, uzazi wake utaharibika. Hakuwahi kula tangu utotoni, akiwa msichana, akiwa bibi harusi, akiwa na wale wawili tumboni. Shuleni aliwapikia wasichana mayai kila Jumapili na hakuonja.

Aliiangalia ile sahani. Nikasema lile moja lililokuwepo. "Hawa tumewalea wenyewe, Mama."

Akakata kipande kwa pembe ya kijiko, akakitia mdomoni. Alitafuna taratibu, macho ameyaelekeza dirishani, kwenye jiwe. Deo aliacha kula. Ma Anastazia akameza, kisha akanigeukia, na usoni mwake kulikuwa na kitu nilichokiona kwa mara ya kwanza, hasira na kicheko vimekaa pamoja.

"Ni haya tu?" akauliza. "Ni haya tu waliyokuwa wanatuficha?"

Akavuta sahani karibu, akala yote.